Asante ya Mtu Mwingine

Kabla hajaajiriwa na Wajapani, Lornah Kageha alikuwa amefanya kazi katika ofisi moja ya bima katikati ya mji, ambako watu walirushiana maneno kuanzia chai ya asubuhi hadi saa ya kufunga. Huko ndiko alikonoa ulimi wake. Kwa hiyo alipofika kwenye ile kampuni ndogo ya pampu za maji kule Hurlingham, Nairobi, juu ya duka la dawa, alishangaa. Hakuna aliyepaza sauti. Kikao cha Ijumaa kilianza, Bwana Hamada, meneja, akasoma ajenda, watu wakaitikia kwa vichwa, na kikao kikaisha chai ikiwa bado moto.

"Hawa watu wamezaliwa bila hasira," aliwaambia akina mama wenzake kanisani, kule Kabiria. "Ni damu yao tu. Sisi Mungu alitupa pilipili, wao akawapa maziwa."

Hakuwahi kujiuliza kwa nini Bi Onodera, msaidizi wa meneja, alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri.

Bi Onodera alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Kiswahili alifundishwa darasani huko kwao, kimenyooka mpaka Wakenya wenzangu na mimi tunakionea haya. Hakuwa mtu wa makelele. Kazi yake, kwa jinsi Lornah alivyoiona, ilikuwa kutafsiri, kuandaa safari za wakubwa, na kuzunguka meza hadi meza na kisahani cha biskuti, akiulizia watoto wa watu na mifupa ya wazazi wao. Lornah aliuita ule mzunguko umbea wa Kijapani, na aliwahi kusema hivyo kwa sauti.

Maana Lornah alikuwa mtu wa kusema. Yeye ndiye karani mkuu, aliyepokea simu, akapanga vikao na kuandika yaliyosemwa. Nyumbani na kanisani walimjua kwa jambo moja: akiwa na neno nawe, atakwambia usoni, na kama kuna watu karibu, ndiyo bora. Kuna wanaojivunia ukweli kama wengine wanavyojivunia gari. Hata pasipo na safari wataliwasha tu, majirani wasikie.

Sasa, miongoni mwa mafundi wa kampuni alikuwamo Bramwel, Mluhya mwenzake, muumini mwenzake, sauti nzito ya kwaya. Bramwel aliishi Kabiria na mkewe Everlyn na watoto wao watatu. Alikuwa fundi mzuri, mtaratibu, na hakuwa na jambo na mtu. Lakini siku moja alikuwa akifunga pampu katika shule fulani ya Muthangari, simu ikalia. Kitinda mimba wao alikuwa amezidiwa, yuko kliniki, anapumua kwa shida. Bramwel alikaza nati ya mwisho, akawasha swichi, akaondoka mbio bila kusubiri tangi lijae. Usiku kucha pampu ikazunguka bila maji, ikaungua. Asubuhi shule nzima haikuwa na tone la kunawa.

Mtoto alipona. Lakini kampuni ilikuwa na sheria ambayo kila fundi aliijua kama anavyolijua jina lake: anayekabidhi pampu bila kuijaribu, anaenda nyumbani. Hakuna mjadala. Makao makuu kule Osaka yalikuwa yameipitisha na hakuna aliyewahi kuipinda.

Lornah ndiye aliyepokea simu ya mwalimu mkuu wa ile shule, akifoka. Aliipeleka kwa Bi Onodera, akarudi kwenye meza yake. Kwamba mtoto aliugua, alijua. Alikuwa amekwenda kumwombea pamoja na Everlyn. Hayo mawili hakuyaunganisha mpaka Bi Onodera alipomfikia na kisahani chake.

"Bi Lornah, habari za watoto?"

"Wako poa, Madam."

"Ninafurahi." Alisogeza biskuti karibu. "Siku ya Ijumaa, katika kikao, kutakuwa na jambo dogo kuhusu stoo. Linamhusu ndugu Bramwel. Ningependa kukuomba, tafadhali, tusizungumze mengi."

"Bramwel amefanya nini?"

Bi Onodera alivuta hewa kupitia kwenye meno, taratibu, kama mtu aliyekanyaga jiwe la moto na hataki wenyeji wajue.

"Ni vigumu kidogo," alisema.

"Vigumu aje, Madam? Si useme tu."

"Ni vigumu kidogo." Akatabasamu, akainamisha kichwa. "Ninakutegemea."

Lornah aliitikia. Aliitikia kwa mdomo, moyo ukabaki umekunja ndita. Alimfuata yule mama kwa macho mpaka stoo, kwa Shiru, mtunza vipuri. Akamwona anatoka huko anaingia kwa Kiema, msimamizi wa mafundi, na mlango ukafungwa. Ukafungwa! Katika ile ofisi ya bima mlango ukifungwa hivyo, kesho yake kuna mtu anakusanya vitu vyake kwenye katoni.

Alimvizia Shiru jikoni.

"Madam alikuwa anataka nini kwako?"

"Aliniuliza kama naeza fanya kazi na Bramwel huku stoo," Shiru alisema, akipuliza chai. "Nikamwambia ni sawa, bora asinivurugie shelves zangu."

"Bramwel? Stoo? Yule ni fundi!"

"Mimi sijui, mama. Nimeulizwa, nimejibu."

Kiema naye alipoulizwa hakutaka hata kuinua uso. "Wachana na hiyo story, Lornah. Ijumaa itapita."

"Mbona mnanong'ona? Kuna nini?"

"Nimekuomba. Wachana nayo."

Watu watatu, majibu matatu, na yote mafupi. Lornah akayaunganisha akapata anachokitaka. Wanataka kumtoa Bramwel kwenye kazi ya nje, kazi yenye heshima yake, wamtupe stoo katikati ya makatoni, na mwenyewe hajui. Na anayeyapika yote ni yule mama wa biskuti, anayemchekea kila mtu na kumsema kila mtu. Kumbe maziwa nayo huchacha.

Angeweza kumpigia Bramwel simu jioni ile. Angeweza kurudi kwa Bi Onodera, akafunga mlango naye, akauliza. Wala hakuwa mjinga. Njia hizo alizifikiria. Lakini ukweli uliosemwa pembeni haumpi mtu makofi, na Lornah alikuwa tayari ameanza kuusikia mwenyewe, jinsi atakavyosimama, na neno atakaloanza nalo.

Ijumaa ilifika, na pamoja nayo mgeni: mkaguzi kutoka Osaka, mzee mwembamba mwenye tai nyeusi, aliyekuwa akimaliza ziara yake na kesho yake angepanda ndege. Aliketi mkono wa kulia wa Bwana Hamada, na Bi Onodera akaketi nyuma yake kidogo ili amtafsirie. Mafundi walijipanga upande wa dirisha. Bramwel alikuwa wa mwisho, mikono katikati ya magoti.

Bwana Hamada alisoma la kwanza, vichwa vikainama. Akasoma la pili, vichwa vikainama. Kisha akasoma, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba kuanzia Jumatatu Bramwel atamsaidia Shiru katika stoo ya vipuri, kwa sababu kazi ya stoo imeongezeka. Kuna maoni?

Kiema alitazama meza. Shiru alitazama kucha zake. Bramwel aliinua kichwa kwa mshangao, akamtazama Kiema, akamtazama meneja, kisha mabega yake yakashuka na kichwa kikaanguka kifuani. Laiti Lornah angelijua alichokuwa akikiona. Mtu yule wiki nzima alikuwa akingoja kufukuzwa, na sasa hivi alikuwa ameelewa kwamba hafukuzwi. Lornah aliona mtu aliyepondwa.

Akasimama.

"Mimi niko na maoni."

Kiema alisema chini chini, "Lornah, kaa."

"Sikai. Mr. Hamada, with respect, hapa kuna mtu amekuwa akizunguka desk kwa desk wiki mzima akimsema Bramwel. Amekuja kwangu, ameenda kwa Shiru, ameenda kwa Kiema wakafunga mlango. Sisi huku kwetu hatumalizani gizani. Kama Bramwel amekosa, aambiwe hapa, mbele ya watu, na ajitetee! Ni ile pampu ya shule ya Muthangari? Si aulizwe?"

Hakuna aliyepiga makofi. Kitu cha kwanza alichokisikia Lornah ni feni ya dari. Bwana Hamada alivua miwani, akaifuta, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze akageuka kumtazama Bi Onodera. Yule mama alikuwa amefumba macho.

Mkaguzi aliuliza kitu kwa Kijapani. Alikuwa amelisikia neno Muthangari.

Basi meneja hakuwa na pa kutokea. Alimuuliza Bramwel, mbele ya wote, kama aliijaribu ile pampu kabla ya kuikabidhi.

Bramwel alisimama. Angeweza kudanganya, watu hudanganya kwa mambo madogo kuliko hilo. "Hapana, sir," alisema. "Sikuijaribu. Mtoto wangu alikuwa..." Akasita, kama aliyeona kwamba hilo lilikuwa la kwake na si la kikao. "Sikuijaribu."

Mkaguzi alimgeukia Bi Onodera atafsiriwe. Na Bi Onodera akafumbua macho, akatafsiri. Hakupunguza wala kuongeza. Sauti yake ilikuwa ileile anayoulizia nayo habari za watoto. Mzee yule akaitikia kwa kichwa mara moja, akaandika, na jambo likawa limekwisha.

Kabla ya saa ya kufunga Bramwel alikuwa amerudisha vifaa. Lornah alimsindikiza hadi barabarani. Bado alikuwa na joto la kusimama kwake, na alitaka kumpa kitu cha kuondoka nacho.

"Angalau sasa unamjua adui yako," alimwambia.

"Namjua. Ni yule mama aliyezunguka akinisema mpaka wakubwa wakajua," Bramwel alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Na wewe, dada Lornah, nimejua rafiki yangu. Mungu akubariki. Hakuna mwingine alifungua mdomo."

Alirudi juu akiwa amevimba kifua. Kiema alikuwa akimngoja kwenye ngazi.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Nimesema ukweli."

"Wacha nikuambie ukweli basi, si unaupenda?" Kiema hakuwa mtu wa hasira, na ndiyo maana Lornah alirudi nyuma ngazi moja. "Madam alienda Muthangari na mimi. Yule principal alimtusi mbele ya watoto wa shule. Alimwita mwizi. Madam akainama. Akamtusi tena, akainama tena, kwa jua. Akakaa hivyo mpaka principal mwenyewe akashikwa na aibu, akamwambia mama inuka. Tukawapelekea pampu ingine, shule ikaondoa malalamiko. Halafu akaja kwangu, akaniomba nikubali kusema nilituma fundi mmoja mahali pa wawili. Ni ukweli, nilituma mmoja. Nikakubali. Akaenda kwa Hamada, usiniulize alimwambia nini, lakini Hamada alikubali Bramwel aende stoo na asiulizwe kitu. Ilikuwa imeisha, Lornah! Huyo mzee alikuwa anaenda kwao kesho. Kitu ilikuwa imebaki ni wewe kunyamaza."

Lornah alishika reli ya ngazi. "Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Alikuomba usiongee."

"Si angenieleza vizuri, nielewe!"

"Akikueleza, ungenyamaza?"

Lornah alijijua. Hana kifua, hajawahi kuwa nacho. Angeelezwa saa nne, saa sita Everlyn angekuwa anajua, jioni kwaya nzima ingekuwa inamwombea Bramwel kwa jina na kwa jina la pampu. Yule mama alikuwa amempima sawasawa, akampa kiasi anachoweza kubeba, na hata hicho kidogo alikiangusha. Kiema alishuka ngazi, akamwacha hapo.

Mwisho wa wiki ule Lornah hakula vizuri. Alipanga maneno ya kuomba msamaha, akayapangua. Jumatatu aliingia ofisini mapema akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Bi Onodera. Alikuwa tayari kwa lolote. Alitamani hata kugombezwa; ukigombezwa, unaweza kulia, unaweza kujibu, mambo yakaisha.

Bi Onodera alisimama kabla Lornah hajasema neno.

"Bi Lornah, nimekukosea," alisema. "Sikukueleza ipasavyo. Nilikuweka mahali pagumu. Tafadhali nisamehe." Akainama, akabaki ameinama, utosi wake wenye mvi chache ukimwelekea Lornah.

"Madam, hapana. Madam, inuka, tafadhali, ni mimi..."

"Ni mimi," alisema yule mama, akainuka, akamuulizia watoto.

Hapo ndipo Lornah alipoonja jinsi ilivyo kusamehewa kabla hujapewa nafasi ya kuomba. Alirudi kwenye meza yake na yale maneno yake yote mdomoni, hana pa kuyatema. Siku zile zilizofuata alimtazama yule mama kwa jicho jipya, na hakupenda alichokiona. Aliona kwamba kabla ya kila kikao kitulivu kulikuwa na mizunguko, na baada ya kila mzunguko Bi Onodera alikaa kitini akikanda kipaji cha uso. Aliona kwamba Shiru na fundi mmoja waliokuwa wamegombania funguo waliombwa, kila mmoja kivyake, wamsamehe mwenzake kwa ajili ya Bi Onodera, na kila mmoja akaamini ni yeye aliyekuwa mkubwa. Aliona kwamba yule mama alikunywa chai baridi siku zote, kwa sababu kila alipomiminiwa aliinuka kwenda kwa mtu. Hawakuzaliwa bila hasira. Kuna mtu alikuwa akizimeza hasira za ofisi nzima, na Lornah alikuwa amemwita mmbea.

Bramwel alikaa nyumbani. Alitafuta vibarua Kawangware na Riruta, akapata vya kubeba mawe. Everlyn alianza kuuza mandazi mbele ya lango. Kila Lornah alipopita, Everlyn alimtilia mawili kwenye karatasi na kukataa kulipwa. "Wewe ulimtetea baba yao," alisema. Lornah akajifunza kupita njia ya nyuma.

Kisha asubuhi moja Bi Onodera alikuja na kisahani.

"Bi Lornah, ile shule ya Muthangari inahitaji fundi wa kutunza kisima na pampu. Kazi ya kudumu. Mwalimu mkuu amekubali kumpokea ndugu Bramwel."

"Yule principal aliyewatusi?"

"Nilimweleza kwamba Bramwel aliulizwa mbele ya watu wote, akasema kweli. Alifikiri kwa muda mrefu." Bi Onodera alisogeza biskuti. "Ningependa kukuomba umpelekee habari hizi wewe. Zikitoka kwangu, hatazikubali. Na tafadhali, jina langu lisitajwe."

Lornah aliona shimo lilipo. "Madam, siwezi. Atanishukuru mimi."

"Ndiyo."

"Atadhani ni mimi nimemtafutia!"

Bi Onodera alivuta hewa kupitia kwenye meno. "Ni vigumu kidogo," alisema.

Lornah alikwenda. Alisimama mlangoni kwa Bramwel, akasema mambo mafupi kuliko alivyowahi kusema maishani: kuna kazi, ni Muthangari, nenda kesho, beba vyeti. Bramwel alimuuliza nani amemsaidia. "Ni mtu tu," Lornah alisema. "Ni mtu wa Mungu." Bramwel alimtazama, akacheka, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Everlyn alipiga magoti hapo hapo penye unga wa mandazi.

Na Jumapili ikaja, na kanisani kwao Jumapili kuna wakati wa ushuhuda. Lornah alipomwona Bramwel akielekea mbele na kipaza sauti mkononi, alitamani kutoka. Lakini alikuwa safu ya pili, katikati, na mtu hapiti mbele ya magoti ya akina mama kumi wakati wa ushuhuda.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Watu wa Mungu, mnajua nilifutwa kazi. Pale ofisini kulikuwa na mama mmoja mgeni. Anatabasamu, anagawa biskuti, kumbe anazunguka akinichimbia kaburi." Kanisa likaguna. "Lakini Mungu akainua mtu wake! Watu wote walinyamaza, mtu mmoja akasimama mbele ya wazungu..." hapo alisita, akatafuta neno, akaliacha, "mbele ya wakubwa, akasema huyu asionewe! Na hakuishia hapo. Amezunguka Nairobi hii kimyakimya mpaka nimepata kazi, na hata jina lake hataki litajwe! Dada Lornah, simama!"

Vigelegele vikapanda. Makofi yakafuata, yale ya kanisa zima, ya mpango, yenye mdundo. Maisha yake yote Lornah alikuwa akiyapenda makofi hayo. Alisimama kwa sababu mikono ya watu ilimwinua. Mbele yake, Everlyn alikuwa amempakata yule kitinda mimba, shavu nono, anapumua vizuri, anapiga makofi na yeye.

Lornah akisema kweli yote, Bramwel angeiacha ile kazi kesho asubuhi. Alimjua, alikuwa na kiburi cha watu wapole, kile kisichosikia. Asiposema, anakula cha mtu mchana kweupe, nyumbani mwa Bwana. Akachukua kipaza sauti. Alidhani angalau sehemu anaweza kuisema.

"Yule mama," alisema. "Ndugu Bramwel, yule mama si adui yako. Ni mtu mzuri. Ni mzuri kuliko mimi."

Kisha Bramwel akainua mikono juu.

"Mnaona roho hiyo?" alipaza sauti. "Mnaiona? Hata adui anamtetea!"

Makofi yalirudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mchungaji mwenyewe alisimama. Lornah alibaki amekishika kile kipaza sauti, machozi yakimtoka, na mama aliyekaa kando yake akamkumbatia akimwambia, "Lia, dada, ni Roho." Hakuwahi kuona aibu kama ile, na hakuna mtu hata mmoja aliyeitambua.

Baada ya ibada Everlyn alimfuata hadi getini na kikapu: ndizi mbivu, njugu za kukaanga, mayai yaliyofungwa kwenye gazeti. Kukataa kungekuwa tusi. Alikibeba hadi nyumbani, hakukigusa, na Jumatatu akakipeleka Hurlingham akakiweka juu ya meza ya Bi Onodera.

"Ni chako, Madam," alisema kwa sauti ya chini. "Kimetoka kwa mke wa Bramwel. Hajui, lakini ni chako."

Bi Onodera alikitazama kile kikapu. Aligusa ndizi moja kwa kidole, kama mtu anayegusa nguo ya mtoto. Lornah alidhani sasa, angalau mara hii, atapokea.

"Asante kwa kukibeba," alisema yule mama. Kisha akakiinua, akaenda nacho jikoni.

Alichemsha mayai, akapanga ndizi na njugu kwenye sahani, akaanza mzunguko wake, meza hadi meza. Lornah alimsikia tangu kwa Shiru: "Bi Lornah ametuletea zawadi kutoka Kabiria. Karibuni."

"Wacha! Asante Lornah!" Shiru aliita. "Umeamka na roho safi leo!"

Mafundi waliinua mikono yenye maganda ya njugu. Asante sana, Lornah. Bwana Hamada alitokeza kichwa mlangoni, yai mkononi, akamwinamia kwa heshima. Kiema peke yake alichukua ndizi bila asante, akamtazama.

"Karibuni," Lornah alisema kwa kila mmoja. "Karibuni, ni kidogo tu." Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Mwisho Bi Onodera alimfikia na sahani iliyobakiwa na ndizi moja. Akaiweka mbele yake, akangoja.

"Ni vigumu, Madam," Lornah alisema.

"Kidogo," alisema Bi Onodera, akaenda kuosha sahani.